Biti ya Kilio

Siku ya kwanza (Jumatatu), tarehe 1 Septemba 2025

Masomo imeanza. Kuanza gani — mu classe ya sita nusu ya banc ya kukalia iko wazi. Bengine bangali ku mashamba, bengine bazazi yabo bangali banafikiri. Mavumbi mu madirisha, mavumbi ku ubao, mavumbi mu meno. Mvua haitaki kuja. Nilivaa jupe ya mwaka jana, inanikaza. Mama anasema nimenenepa. Minyi nasema kitambaa njo imerudi.

Kilabu yetu imebakia mifupa. Bakubwa bote balipata diplôme, bakaenda zabo, Lubumbashi, Kolwezi, moja ku Bukama kufundisha. Tumebaki minyi na Tshala. Minyi présidente, yeye vice. Na Tshala leo hakuja. Papa yake, Papa Kaumba, iko mu hospitali tangu mwezi ilipita, tumbo inavimba, na Tshala njo analalaka naye kule, chini ku sementi.

Kilabu zingine zinapanda miti, zinafagia soko. Shiye tunapelekaka biti. Muntu akifa mu quartier ya bantu ba reli, familia inatuma mutoto kutuita, na tunakuja na pousse-pousse, ile gari ya kusukuma na mikono, biti ya plastiki ya kukalia, bâche ya kivuli, bidon ya maji. Hatuombi kitu. Kila kiti iko nyeupe na musalaba mweusi ku mugongo, juu isichanganyike na ya bengine. Bantu banaijua. Bakiona inapita mu barabara banasimama kwanza, banauliza ni kwa nani.

Nani atasukuma mwaka hii? Nimechoka mbele ya kuanza.

Siku ya tatu, tarehe 3 Septemba

Mukutano ya kwanza. Sikutumaini hata muntu moja, kumbe balikuja bapya. Karibu bote batoto ba reli, bantu ba hapa hapa. Moja tu hapana: Lise Bokungu, ya classe ya ine. Papa yake ni solda ku base ya jeshi, bantu ba Équateur. Anaishi kwa tantine, shangazi yake, hapa mujini juu base iko mbali. Kiswahili yake inachekesha, katikati anatia Lingala, na hana haya hata kidogo. Papa akihamishwa, yeye anabadilisha masomo; anasema hii ni ya tano, ao ya sita, hajui tena.

Nilibaeleza kazi. Na hapa njo nilitoka na akili yangu mupya. Tangu zamani kilabu inangojeaka familia itume muntu. Mwaka jana tulingojea kwa mujane moja nyuma ya gare ya treni, familia ikasahau kututumia muntu, kilabu ya masomo ya jirani ikatangulia, sifa yote ikaenda kwabo, na bamama balikuwa bamekaa ku jua tangu asubui. Basi nikasema: mwaka hii hatungojei. Munajua kwetu muntu akifa banatoaka kila kintu mu salon, fasi ya kupokelea bageni, bamama bapate fasi ya kutandika mikeka. Ukiona fauteuil na armoire iko nje mu kiwanja, banaume banakaa chini, mwanamuke analia — usiulize. Leta biti kwanza. Pole itafuata.

Balipiga makofi. Lise aliandika na bic mu kiganja yake.

Monsieur Séraphin, mwalimu ya histoire mwenye anatuchungaka, alikuna kichwa. Akasema kungojea kule ilikuwa na maana yake, Clémentine. Nikamujibu maana yake ni uvivu, Monsieur. Akakusanya daftari zake. Nilijisikia mukubwa sana.

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 6 Septemba

Kilio ya kwanza. Mama muzee amekufa kwa fundi ya cherehani. Tulifika mbele ya kila muntu. Ile kilabu ingine ilikuja wakati bâche yetu ilishasimama. Sura zabo! Nilijizuia kucheka juu ni kilio.

Lise alisukuma pousse-pousse bila kupumzika, akaosha sahani, akabebea bamama maji. Mama moja akamuambia "wafwako, mwana". Akaja mbio kuniuliza ni nini. Ni asante, nikamuambia, ni Kiluba. Akairudilia njia yote mpaka nikamuomba anyamaze.

Tulirudi naye polepole. Akanielezea: fasi zingine akifika, banamuitaka paka jina moja tu, "mutoto ya solda", na maongezi inakatika akipita. Halafu papa yake akizoea fasi, banamuhamisha. Hapa njo mara ya kwanza muntu anamupa kazi. Nikamuambia siku ingine avae foulard ku kichwa, jua ni kali.

Siku ya pili (Jumanne), tarehe 9 Septemba

Bamerudisha Papa Kaumba ku nyumba. Nilipita mangaribi. Tshala alinipokea ku lango. Anasema muganga hakusema amepona, alisema paka aende ku nyumba. Tshala hakulia, haliaka. Amekonda kushinda papa yake.

Nikamuambia kilabu iko na bapya. Akasema muzuri. Kisha akarudi ndani bila kunikaribisha, na shiye tuko bamarafiki tangu tulikuwa tunatembea miguu mitupu.

Siku ya tatu, tarehe 10 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nimefuta mara mingi.

Kwa Papa Kaumba chumba ya kulala iko kidogo na joto. Leo asubui familia ikasema tumulaze mu salon, apate hewa. Bakatoa fauteuil, bakatoa meza na armoire, yote mu kiwanja. Treni ya Luena ilikuwa imefika. Tonton Ngandu, muloko, ndugu mudogo ya Papa Kaumba, alikuja nayo pamoja na banaume bengine ba familia, bakakaa chini ku ukuta. Tantine yabo akaingia ndani, akaona ndugu yake vile amebakia, akaanza kulia kwa sauti.

Minyi ningepita pale ningejua. Ile nyumba naijua kama kwetu. Lakini minyi nilikuwa mu interro, mutihani ya mathématiques. Lise na bapya babili balikuwa banarudisha biti kutoka kwa fundi ya cherehani, bakapita mu ile barabara. Bale bapya babili banaishi ngambo ingine ya gare. Na Lise hajui kwa Tshala. Tshala mwenyewe hajamuona hata siku moja.

Akaona salon iko nje. Akaona banaume banakaa chini, akasikia mwanamuke analia.

Hakuuliza. Aliingiza pousse-pousse mu kiwanja, akapanga biti, mustari muzuri, musalaba inaangalia barabara. Kiti ya kwanza akamupa Tonton Ngandu na mikono mibili, akapiga magoti kidogo, akamuambia pole.

Bapya banasema kila muntu akageuka kubaangalia. Hata tantine akaacha kulia. Mulango ya salon ilikuwa wazi na Papa Kaumba alikuwa amelala pale, macho wazi, anaangalia biti.

Kisha Tonton Ngandu akasimama, akatupa kiti mpaka inje ya lango. Nani alikutuma? Nani alikuambia ndugu yangu amekufa? Bamama bakatoka. Moja akamushika Lise ku chemise, ikapasuka ku bega. Yeye anasema paka neno moja: nayebaki te, nayebaki te. Sikujua, sikujua. Kwa Lingala! Hapo njo iliharibika kabisa. Bakaanza kusema mugeni huyu ametumwa, ametangulizwa na benye kutaka muzee akufe. Bulozi. Tshala njo alimuvuta mpaka ku barabara, akamuachia pale, akafunga lango.

Nilipofika biti ilikuwa imetawanyika mu mavumbi na bantu bamesimama mbali, hakuna mwenye anataka kuigusa. Niliiokota peke yangu. Lise alikuwa ameshakimbia.

Siku ya ine, tarehe 11 Septemba

Asubui nilienda kwabo mbele ya masomo. Nilipiga magoti mbele ya Tonton Ngandu. Nikasema: Tonton, ule mutoto hana kosa. Minyi njo nilimufundisha asingojee. Minyi njo présidente. Kama ni kukasirika, mukasirikie minyi.

Alinipokea muzuri, na njo ubaya yake. Akaniinua. "Weye uko mutoto yetu, Clémentine. Papa yako na minyi tulitumika ku reli moja. Weye hauwezi kutuletea kifo. Ule mwingine njo hatumujui."

Nikarudilia tena, polepole, nikadhani hakusikia muzuri. Akanipiga-piga ku bega vile banatulizaka mutoto ya homa. Mama ya Tshala akaniletea chai. Chai na mukate! Na minyi nikakunywa. Najichukia juu ya ile chai.

Tshala hakutoka mu chumba.

Ku masomo, préfet, mukubwa ya masomo, amefunga kilabu mpaka mambo itulie. Monsieur Séraphin ametia ufunguo ya dépôt, fasi ya kuweka biti, mu mufuko yake. Hakuniambia "nilikuambia". Afadhali angeniambia.

Siku ya Mungu, tarehe 14 Septemba

Mu kanisa Lise alikaa nyuma, na banc yote ilikuwa yake. Bamama ba chorale balipita bameshika nguo yabo isimuguse. Neno ilishatembea quartier yote: mutoto ya base anatangulizaka biti, kifo inafuata. Hata bale bapya babili benye balisukuma naye banasema eti balimukataza. Waongo. Hakuna mwenye alimukataza. Balikuwa banapanga biti pamoja naye.

Nilienda kukaa naye wakati ya matoleo. Nilichelewa, najua. Ningekaa tangu mwanzo.

Kisha nikapita kwa Tshala na Papa Kaumba akaniita ndani. Amelala mu salon, mito ku mugongo. Zamani alikuwa machiniste, mwendeshaji ya treni, sauti yake ilikuwa inavuka gare. Leo niliinama kumusikia.

Akaniuliza ule mutoto ya biti ni ya nani. Nikamuambia. Akasema: "Alipanga muzuri. Nilikuwa naangalia. Hata kiti moja haikupotoka." Akataka kucheka, kikohozi ikamukata. Kisha akasema: "Mumuambie sina neno naye. Akuje nimuone."

Nikamuangalia tantine yabo mwenye alikuwa anamupepea na kipande ya carton. Nikamuuliza tantine, umesikia? Akaendelea kupepea. Akasema muzee amechoka, umuache alale.

Nilikimbia mpaka kwa Lise, natoka jasho na robe ya kanisa. Aliposikia, akalia, mara ya kwanza tangu ile siku. Alitaka kwenda palepale, na sandale ya ndani ku miguu. Tantine yake akasema mutoto huyu hatoki hapa apigwe. Na minyi nikamuambia ngojea kidogo, Lise. Tonton Ngandu anarudi Luena na treni ya wiki hii. Akienda, nitakuingiza minyi mwenyewe, bila matata.

Ngojea! Minyi njo nasema ngojea.

Siku ya tatu, tarehe 17 Septemba

Treni haijatoka. Ku gare banasema kesho. Lise ananiuliza kila récréation tukitoka mu classe, na kila récréation namujibu kesho.

Hakuna muntu mwingine mwenye anamuongelesha. Mu classe yabo bamesogeza pupitre, meza yake, karibu na mulango. Anasema ni muzuri, kuna hewa.

Siku ya ine, tarehe 18 Septemba

Papa Kaumba amekufa, jua ikitoka. Tulisikia kilio kutoka kwetu. Mama alifunga kitambaa ku kiuno akaenda bila kunywa kitu. Nililia mu cuisine, ku jiko, nikainuka, nikamufuata.

Salon tayari ilikuwa tupu, hawakupata kazi ya kutoa kitu. Nilingojea tantine yabo atoke kuchota maji, nikamuambia mbele ya bamama: Papa alisema hana neno na Lise, na alimuita, na weye ulikuwa pale na carton mu mukono. Akasema hakumbuki. Hakuniangalia. Mama moja akaniambia heshimu kilio, mutoto. Tshala alikuwa nyuma yangu. Akasema: "Clémentine, acha. Hapana leo."

Treni ya Luena imetoka leo, bila Tonton Ngandu.

Lise hakukuja ku masomo. Nilipita kwabo. Alikuwa amekaa mu kiwanja, anachambua mchele yenye ilishachambuliwa. Aliniuliza neno moja tu: kama angeenda ile siku ya Mungu, angemukuta? Nikasema ndiyo, angemukuta. Sikuweza kumudanganya hata hapo. Pengine hapo njo ningemudanganya.

Siku ya tano, tarehe 19 Septemba

Naandika mbele ya dépôt, daftari ku magoti, na bic inataka kuisha.

Mazishi ni kesho. Tangu jana bantu banakuja, bazee ba reli ba kila fasi, na miguu yabo mibaya, na banakaa ku matofali na ku gogo. Ile kilabu ingine ilikuja na banc zabo mpaka ku kona, Tonton Ngandu akabarudisha. Anasema Kaumba hatalilwa na bantu ba mbio-mbio. Sijui ile neno alimutupia nani, lakini nimeipata.

Leo saa ya récréation Tshala akaingia mu masomo, pagne nyeusi, kichwa imefungwa. Familia imemutuma, kama kanuni. Akasimama mbele ya préfet, akasema: tunaomba biti. Préfet akamuangalia Monsieur Séraphin. Monsieur Séraphin akatia mukono mu mufuko, akatoa ufunguo, akanipa minyi.

Kisha Tshala akanivuta ku ukuta ya latrine, fasi yetu ya zamani ya siri.

"Leta biti yote. Lakini yule asikuje."

Nikamuambia: Papa yako alimuita, Tshala. Nilisikia na masikio yangu.

"Papa alinieleza bintu mingi usiku. Ile hakunieleza."

Nikamuambia Lise hana kosa, kosa ni yangu.

"Najua ni yako," akasema. "Unadhani sijui? Lakini kama ni yako, nitakukosa na weye. Leo siwezi kukosa papa na weye siku moja." Akanishika mukono, baridi, na jua hii yote. "Tonton akimuona atafanya kitu, na minyi sitakuwa na nguvu ya kuzuia. Niambie paka: utakuja?"

Nikasema nitakuja. Ilitoka mu kinywa mbele sijafikiri. Papa yake alinibeba ku mabega yake nikiwa kadogo, anionyeshe locomotive. Ningesema nini?

Basi nimefungua dépôt. Bapya bametoa biti, bamejaza pousse-pousse, bameenda. Nimebaambia nafuata na bâche. Bâche ni nzito, ni ya bantu babili, kila mwaka tulikuwa tunaibeba minyi na Tshala. Bote bameenda, sikufikiri.

Na Lise amekuja.

Alisikia ku barabara kwamba familia imeita kilabu. Ametoka mbio kwabo. Amesuka nywele mupya. Ile chemise ameshona ku bega na uzi mweusi juu hakupata nyeupe. Amefika anahema, anasema: "Yaya Clémentine, bametuita!" Tuita. Anadhani ni yeye pia. Anadhani neno ya Papa Kaumba imefika mu familia, na bamekubali, na bamemusamehe. Anasema atapanga biti kushinda ile siku, hata kama sasa muzee haangalii, heshima ni ileile. Ananiuliza kama kule atapiga magoti mbele ya Tonton Ngandu ao mbele ya Mama kwanza.

Nimemuambia nangojea kitu, nimalize kuandika kwanza. Njo naandika. Kama nikiacha bic nitainua macho.

Nikienda na yeye, namuvunja Tshala siku moja mbele ya kumuzika papa yake, na pengine batamupiga huyu. Nikimuambia abaki, najua vile ataniangalia, nimeshamuona anaangalia vile mu kanisa. Na kama nikibaki naye hapa, shiye babili, bâche haifiki, bazee bako ku jua, na Tshala anahesabu bantu benye bamekuja na haoni minyi.

Monsieur Séraphin amepita. Ameona Lise, ameona minyi, ameona bâche. Akaenda zake mu bureau.

Kule kwabo bameanza kuimba, inasikika mpaka hapa. Lise amekunja bâche muzuri, amefunga kamba, ameinua upande yake ku bega, bega ile ya uzi mweusi, na amesimama anangojea niinue upande yangu. Haniharakishi. Ananiuliza kama bado.

Bado, namuambia. Bado kidogo.